Mdudu haonekani lakini alama zake zipo: kipande cha ngozi kinavyosomwa maabara

Kuna kijana mmoja wa bodaboda alikuja na baka kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Baka lina ukubwa wa kisosi cha chai, kingo zimeinuka, katikati pamepauka na pakavu, vinyweleo vimepungua. Kashapaka tyubu ya fangasi ikaisha, akapaka nyingine yenye steroidi aliyouziwa duka la dawa huko Mwanjelwa, bibi yake wa Tukuyu akampa na majani ya kusugua, miezi minane yote hiyo inaenda baka lipo tu. Mwisho akakatwa kipande cha ngozi, kipenyo milimita 4, kikaja kwetu kwenye kichupa. Tukakikata, tukakipaka rangi, tukakiweka chini ya maikroskopu na hatukumuona mdudu hata mmoja. Tukapaka rangi ya pili, ile ya kumtafuta bakteria wa ukoma, tukapekua slaidi nzima kona kwa kona, hola. Na majibu yakatoka yameandikwa ukoma, na yalikua sahihi.

Nikisimulia hii watu wanashtuka, unampaje mtu jina zito kama hilo na mdudu mwenyewe hujamuona? Swali la haki kabisa, na ndo nataka nilijibu hapa. Mimi sio daktari wa patholojia, mimi ni mtu wa maabara, nakata na kupaka rangi, anaesaini majibu ni dokta, ila ukikaa pembeni ya mtu anaeangalia slaidi miaka na miaka, na mwenyewe ni mtu wa kupenda kuelezea, unaanza kuona anachokiona.

Ukiona watu wamejaa barabarani

Mtu wa Mbeya anaelewa hii haraka. Uko kwenye kosta unatoka Mbalizi kuja mjini, mnafika ule mteremko wa Iwambi, kwa mbali unaona watu wamejaa barabarani. Gari iliyopata ajali huioni, imezibwa na watu. Lakini ukitulia unajua kilichotokea kabla hujafika. Watu wanakimbia na madumu na ndoo kuelekea sehemu moja, hilo ni tenka la mafuta na Mungu awasaidie. Watu wameinama wanaokota, kila mmoja na kiroba, hapo limelala lori la viazi. Watu wamesimama kimya wamezunguka na kuna kanga imetandazwa chini, hapo hata konda mwenyewe anazima mziki bila kuambiwa.

Ngozi inafanya hivo hivo. Mdudu akiingia mwili unatuma watu wake, na kila aina ya mdudu inaitiwa watu tofauti na wanajipanga tofauti. Mdudu anaweza kuwa mmoja kwenye kipande kizima, au kashakufa, au ni mdogo kiasi kwamba rangi ya kawaida haimuonyeshi, lakini umati uliomzunguka ni mkubwa na unaonekana kwa lensi ndogo kabisa. Kwahiyo anaesoma slaidi anajiuliza maswali mawili tu kabla ya yote: waliokuja ni akina nani, na wamekaa wapi.

Akina nani. Wapo nyutrofili, hawa ni vijana wa fujo, wanafika wa kwanza, wanapigana, wanakufa, maiti zao ndo usaha. Wapo limfosaiti, wadogo wa mviringo, kiini cheusi kimejaa seli nzima, hawa wapo karibu kila ugonjwa kwahiyo peke yao hawasemi mengi. Plazma seli, kiini kimekaa pembeni na chembechembe zake zimepangika kama saa ya ukutani. Eosinofili wenye punje nyekundu nyekundu, ukiwaona wengi fikiria minyoo, wadudu wa ngozi, au aleji. Halafu makrofeji, wale wakubwa wa kumeza, ambao wakishindwa kummaliza adui wanamzunguka na kushikana mpaka wanatengeneza kifundo kinachoitwa granuloma, wengine wanaungana kabisa wanakua seli moja jitu yenye viini kumi, ishirini.

Wamekaa wapi sasa. Ngozi ina tabaka la juu, epidemisi, ambalo huko juu kabisa ni seli zilizokufa. Chini yake damisi, yenye mishipa ya damu, neva (mishipa ya fahamu), vinyweleo na tezi za jasho, halafu chini kabisa mafuta. Umati ukijipanga chini ya epidemisi kama mkanda ni habari moja, ukizunguka mishipa ya damu ni nyingine, ukifuata neva ni nyingine tena na nitaifikia. Daktari wa Marekani, A. Bernard Ackerman, mwaka 1978 ndo aliipanga hii staili ikashika dunia nzima: anza na lensi ndogo, soma mpangilio kwanza, seli moja moja baadae. Kwenye maabara yetu mwanafunzi wa mazoezi akikaa tu na kuzungusha moja kwa moja lensi ya 40, ile ya kukuza sana, anapigwa kikumbo, rudi kwenye 4 kwanza mdogo wangu, unatafuta nini huko ndani na mlango hujauona.

Kabla ya kuona chochote

Hii sehemu haisemwi ila bila hiyo yote ni bure. Kipande kikitoka kwa mgonjwa kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya kipande chenyewe. Kikae usiku mzima. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na fomalini kwenye baridi inafanya kazi taratibu, kwahiyo kipande kilichofika saa kumi jioni usikiharakishe asubuhi, kitakua kigumu nje na laini ndani kama andazi lililotolewa mapema. Baada ya hapo kinapita kwenye alkoholi hatua kwa hatua maji yatoke, zailini alkoholi itoke, halafu nta ya moto, nyuzi kama 60, inaingia kila sehemu ambapo maji yalikuepo. Ikipoa una bloku, kipande cha ngozi ndani ya nta.

Bloku inakatwa na mashine inaitwa maikrotomu, unene wa maikroni 3 mpaka 5. Unywele wa mtu una kama 70, piga hesabu mwenyewe. Zinatoka kama utepe, unauelekeza taratibu na brashi juu ya maji ya uvuguvugu unajikunjua, unaupandisha kwenye kioo. Nta inakatika vizuri ikiwa ya baridi, wenzetu wa Dar wanahangaika na barafu kila bloku, sisi Julai unaiacha dirishani tu unakunywa chai ukirudi iko tayari. Ni faida pekee ya ile baridi ninayoijua mimi.

Rangi ya kawaida ni hematoksilini na eosini, tunaita HE. Viini vinakua bluu ya zambarau, vingine vyote pinki. Picha nyingi za maabara unazoziona mitandaoni, zile za pinki na zambarau, ndo hiyo. Na HE ndo inayoonyesha umati, wadudu wengi haiwaonyeshi.

Wanaoishia juu

Nianze na rahisi. Fangasi wa kawaida, mapunye na wenzake, wanaishi kwenye lile tabaka la juu lililokufa au kwenye nywele, hawashuki kwenye damisi. Kwenye HE utaona ngozi iliyovimba kidogo na limfosaiti wachache, kitu ambacho hata pumu ya ngozi inacho, kwahiyo unaweza kupitiliza kirahisi. Kinachokushtua ni nyutrofili kukaa juu kule kwenye magamba, wanafanya nini huko? Hapo unaomba rangi ya PAS, na vijiti vya fangasi vinatokea vyekundu ya zambarau kama vimechorwa na kalamu. Ila kiukweli kwa fangasi wa juu huhitaji kumkata mtu, unakwangua magamba, tone la potasiamu haidroksaidi, unaangalia hapo hapo. Utangotango ndo mzuri zaidi kwa kukwangua, unaona vijiti vifupi na vimviringo vimechanganyika, mimi naona kama tambi zimemwagiwa njegere.

Virusi nao wana sura zao na hizi hata mwanafunzi akishaziona mara moja hasahau. Hepesi: seli za epidemisi zinajaa viini vingi ndani ya seli moja, viini vimebanana kila kimoja kimechukua umbo la mwenzake, na katikati ya kiini pamekua ukungu kama kioo cha dirisha la bafuni. Ila mkanda wa jeshi na tetekuwanga wanatoa picha ile ile, hadubini haiwezi kuwatenganisha, daktari aliemuona mgonjwa ndo anaejua ilikua mdomoni au imefuata ubavu. Chunjua seli zake zina kiini kilichosinyaa kama zabibu kavu ndani ya bakuli tupu. Na ule ugonjwa wa vipele vya watoto vyenye kishimo katikati, molaskamu, seli zimejaa mabonge makubwa ya pinki yanayosukuma kiini pembeni, hiyo utaitambua hata umesimama nyuma ya mtu.

Upele wenyewe ule wa kuwasha usiku: ukibahatika unamkuta kijidudu kwenye kishimo chake huko juu, au mayai yake, au kinyesi chake. Usipobahatika unakuta eosinofili wengi na ngozi iliyokwaruzwa. Tekenya nae kwa kawaida hakatwi maabara, mama anamtoa na pini jioni mtoto analia basi, lakini kuna siku tuliletewa kifundo cha kidole cha mguu fomu imeandikwa "uvimbe mweusi, saratani?" tukakikata tukakuta tekenya mzima kajaa mayai, kainamisha kichwa ndani ya ngozi na makalio nje. Maabara nzima ilikuja kuangalia.

Usaha nitapita haraka. Majipu ni nyutrofili wamezunguka kinyweleo, vidonda vya maganda vya watoto ni nyutrofili chini tu ya lile tabaka la juu. Kimeta ndo tofauti, kinavimba maji na damu sana kuliko usaha, na ukipaka rangi ya Gramu unakuta vijiti vikubwa vya zambarau, na mara nyingi ukiuliza vizuri kuna ng'ombe alikufa kijijini na nyama iligawanwa.

Granuloma, hapa ndo kuna kazi

Granuloma ni umati wa watu waliokata tamaa ya kumuua adui wakaamua kumfungia. Ukiiona kwenye ngozi akili inaenda kwa mambo manne: ukoma, kifua kikuu, fangasi wa ndani, na vitu visivyo maambukizi kabisa, mfano sakoidosisi au kipande cha mwiba kilichobaki. Unazitenganisha kwa umbo, mahali, na nini kipo katikati.

Ukoma kwanza. Bakteria wake aligunduliwa na Hansen kule Bergen, Norwe, mwaka 1873, na mpaka leo hajawahi kuoteshwa kwenye sahani ya maabara kama wengine, hataki. Anapenda sehemu za baridi za mwili na anazaliana taratibu mno, kugawanyika mara moja kunamchukua kama wiki mbili, ndo maana ugonjwa unakuja kuonekana baada ya miaka. Kinachomtofautisha na wengine ni kwamba anaingia kwenye neva. Sasa kinga ya mtu ndo inaamua picha itakuaje, na mwaka 1966 Ridley na Jopling wakaipanga kama mstari wenye ncha mbili.

Ncha ya kwanza ni mtu mwenye kinga kali. Mwili wake umeamka na hasira, granuloma zimejengeka vizuri, zimepanda mpaka zinagusa epidemisi, na zimekua ndefu, sio za duara, kwasababu zinafuata njia ya neva na kuitafuna ndani mpaka huioni tena. Bakteria kashauliwa karibu wote. Kijana wetu wa bodaboda alikua huku. Ukiona vifundo virefu vimelala kwa mstari pale ambapo neva ilitakiwa iwe, na neva haipo au imebaki uzi uliovimba katikati ya kifundo, wewe huhitaji tena kumuona mdudu, kwasababu kwenye magonjwa ya ngozi ya huku hakuna mwingine mwenye tabia ya kuvamia neva kiasi hicho.

Ncha ya pili ni mtu ambaye kinga yake haimuoni kabisa bakteria wa ukoma. Hapa hakuna granuloma ya maana, kuna makrofeji wengi wamelegea, matumbo yao yamejaa povu, chini ya epidemisi kuna ukanda mwembamba msafi ambao haujaguswa, halafu chini yake ndo mafuriko. Ukipaka rangi ya ukoma unakuta vijiti vyekundu havihesabiki, vimefungwa mafungu mafungu kama sigara kwenye pakiti. Ugonjwa mmoja, bakteria mmoja, picha mbili ambazo mtu asiejua angeapa ni magonjwa tofauti. Na wengi wanaangukia katikati ya hizo ncha, ndo hapo daktari anakaa na slaidi moja mpaka chai inapoa.

Na hiyo rangi ina siri yake. Rangi ya kifua kikuu, Ziehl-Neelsen, inatumia asidi kuosha kila kitu ambacho hakijashika rangi vizuri. Bakteria wa ukoma koti lake la nta ni laini kuliko la kifua kikuu, ukimuosha na asidi kali nae anafutika, unaandika hayupo kumbe umemuosha mwenyewe. Kwahiyo kuna rangi yake inaitwa Fite, asidi ni hafifu, na kabla ya hapo slaidi inapitishwa kwenye zailini iliyochanganywa na mafuta ya karanga, yanalinda lile koti. Ndio, mafuta ya karanga, haya haya. Mara ya kwanza naelekezwa nilidhani natumwa dukani kwa utani.

Kifua kikuu cha ngozi granuloma zake hazifuati neva, na zikiwa za kitabuni katikati kunakua kumeoza, kumekua unga unga wa pinki usio na seli, kama maziwa yaliyoganda. Kwenye ngozi lakini mara nyingi huo uozo haupo au ni kidogo, na bakteria ni wachache mno, unaweza kupekua slaidi tano usimpate. Kwahiyo majibu yanaandikwa "inaendana na kifua kikuu" na mgonjwa anaulizwa kikohozi, anapigwa picha ya kifua. Watu wanalalamika kwanini maabara hawasemi moja kwa moja, wanajificha kwenye "inaendana na". Sio kujificha. Umati umeonekana, gari halijaonekana.

Halafu fangasi wa ndani, na hawa wana mchanganyiko wao wanaojulikana nao: granuloma, lakini katikati yake kuna kijipu cha nyutrofili, na epidemisi juu imekua nene, imeshuka chini kwa vidole virefu visivyo na mpangilio. Ukiona hivo simama. Kuna mmoja wao, kromoblastomaikosisi, anawapata wakulima na watu wa mbao, mwiba au kibanzi kinaingia mguuni, miaka inapita, mguu unaota vitu kama koliflawa. Mtu wa haraka haraka akiona ile epidemisi iliyoshuka anasoma saratani ya ngozi, na saratani ya mguu huku kwetu mjadala wake wa kwanza ni kukata. Sasa ukitulia ukaingia kwenye vile vijipu na ndani ya seli jitu unakuta viduara vya kahawia, vimekaa viwili vinne vimegawanywa na ukuta katikati, rangi yake kama kahawa ya Mbozi iliyokaangwa vizuri. Hiyo kahawia hatujaipaka sisi, ni yake mwenyewe, ipo kwenye HE bila rangi yoyote ya ziada. Viduara vitatu tu vinaokoa mguu. Kama kuna kitu kimoja kwenye haya yote ningependa kila anaekata ngozi akijue ni hicho.

Wapo wengine wa kundi hilo. Histoplazma wa kiafrika ni mkubwa, anaonekana vizuri ndani ya seli jitu. Sporotriksi anapanda mkono kwa mstari wa vifundo kutoka pale mwiba ulipoingia na kwenye slaidi hapatikani kirahisi, unategemea kuotesha. Na ule uvimbe wa mguu unaotoa punje punje kwenye matundu, maisetoma, swali lake ni moja tu, punje ni ya fangasi au ya bakteria, maana dawa ni tofauti kabisa, na hapo Gramu na rangi ya fedha ya Grocott ndo zinaamua.

Kaswende, usubi, na pale kinga ikianguka

Kaswende ya hatua ya pili inaiga kila kitu. Ngozi inafanana na soriasisi, inafanana na aleji ya dawa, na mgonjwa mwenyewe amekuja na vipele visivyowasha. Mpelelezi wake ni plazma seli, ukiziona nyingi chini ya epidemisi na kuzunguka mishipa ya damu, na kuta za mishipa zimevimba, unaandika fanyeni kipimo cha damu cha kaswende leo. Damu inajibu haraka na kwa bei rahisi kuliko sisi kuhangaika na rangi ya fedha kumtafuta bakteria wa kaswende, aliejisokota na mwembamba kama uzi wa buibui.

Usubi ni wa kwetu kabisa, mabonde ya mito ya Rungwe kushuka Kyela, kale kainzi kadogo kanakozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, kakikuuma ndo kanakuachia minyoo. Minyoo wakubwa wanakaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, kwenye nyonga au mbavuni, ukikata kinundu unakuta wamejikunja humo vipande vipande vya duara kama tambi zilizokatwa upande. Watoto wao wanatembea kwenye damisi, na wakiwa hai mwili hauwajali sana, wakifa ndo eosinofili wanakuja kwa fujo na mtu anajikuna mpaka ngozi inakua kama ya mzee. Sasa hivi dawa za ivamektini zimegawiwa miaka mingi na vinundu tunavyovipata vimekua adimu, wazee wa maabara ndo wana slaidi nzuri za zamani wanazitunza kama mahari.

Haya yote niliyosema yanasimama juu ya kitu kimoja, kwamba mwili unatuma watu. VVU inavuruga hapo hapo, na nyanda zetu za juu kusini hilo sio jambo la pembeni, utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU wakati taifa zima ni 4.4. Mtu ambaye kinga imeshuka sana anaweza kupata fangasi anaeitwa kriptokokasi kwenye ngozi, vipele vinafanana kabisa na molaskamu kwa macho, na chini ya maikroskopu hakuna umati wowote, kuna viduara tu vinaelea kwenye ute, kila kimoja na nafasi nyeupe pembeni ambayo ni koti lake. Barabara nyeupe, gari limepinduka, hakuna mtu. Hapo kanuni inageuka, ukimya wenyewe ndo alama, na wadudu ndo wengi. Huyo mgonjwa sio wa kupewa krimu akapangiwa wiki mbili, anatafutwa kwa simu kwasababu fangasi huyo huyo anaweza kuwa kashafika kwenye ubongo.

Na Kaposi, yale mabaka ya zambarau, ni uvimbe unaoletwa na virusi vya HHV-8, seli zake ndefu ndefu zimejipanga na katikati yao kuna nyufa zenye damu. Mtu anaeanza kusoma slaidi anaweza kuuona ni mshipa wa damu uliovimba tu.

Vijiti vyekundu ambavyo havikua vya mtu

Nisije nikaonekana nasifia maabara kana kwamba hatukosei. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, slaidi tatu za wagonjwa watatu tofauti siku moja zote zikatoka na vijiti vyekundu vizuri, Ziehl-Neelsen safi, tukafurahi. Mmoja wao alikua kaletwa na kovu la kuungua. Dokta akazungusha skrubu ndogo ya fokasi taratibu, vijiti vikiwa vikali nyama inakua ukungu, nyama ikiwa kali vijiti vinapotea. Maana yake vijiti havipo ndani ya ngozi, vimelala juu yake. Vilitoka kwenye yale maji ya uvuguvugu tunayojikunjulia utepe, maji ya bomba yana bakteria ndugu wa kifua kikuu ambao kwa kawaida hawana madhara na beseni lilikua halijaoshwa siku kadhaa, na wa kuliosha siku hizo nilikua mimi. Tukabadilisha maji, tukakata upya, vijiti havikuepo. Majibu mawili yalikua karibu yatoke. Toka siku hiyo beseni naosha asubuhi kabla hata sijavua koti.

Na fomu jamani. Kichupa kinakuja, fomu imeandikwa "kidonda" basi. Kidonda wapi? Toka lini? Kinauma, kina ganzi? Kapaka nini? Tyubu ya steroidi ya miezi miwili inaweza kufukuza umati wote, tukabaki tunaangalia barabara tupu. Kuna kliniki moja ya mbali kipande kilikuja kwenye maji ya dripu badala ya fomalini, siku tatu kwenye basi, kilikua kimeoza. Na sehemu ya kukata ni kwenye kingo za baka, pale linapoendelea kukua, katikati ya kidonda utatuletea usaha na seli zilizokufa.

Kwenye fomu ya yule kijana daktari aliandika mistari minne, na wa mwisho ulisema "anadai hasikii maji ya moto sehemu hiyo". Majibu yalipomrudia alichukua pamba akamwambia kijana fumba macho, nikikugusa nionyeshe kwa kidole. Akagusa begani, kidole kikaenda. Akagusa kiganjani, kikaenda. Akagusa katikati ya baka, kijana akabaki anasubiri, akauliza, dokta bado hujaanza?

Alimeza dawa miezi sita, za ukoma ni bure, na mkono haukupinda. Slaidi zake zipo kabatini zimekaa pamoja. Ile ya HE ukiiweka kwenye lensi ya 4 unaviona vile vifundo virefu vimelala njia ya neva, na ya Fite ipo pembeni yake, bluu tupu, haina hata kijiti kimoja.